Maneno Yapite, Faili Zibaki

Vijana wa kitengo cha mifumo, mliniomba niwaandikie "uzoefu wangu" kabla sijarudisha kitambulisho. Mmoja wenu akasema ziwe kurasa mbili, zenye picha. Picha sina. Nina yaliyonipata, na mengi yake si ya kujisifia. Anayetaka habari za vyeo na mshahara aende utumishi, faili yangu iko huko, nene kuliko ninavyostahili. Mimi nitaeleza kazi, na hasa kazi moja iliyonila miaka mingi kuliko nyingine zote: kuwazuia watu wa kampuni hii wasitumiane faili kwenye programu ya kuchati.

Siku ya kwanza nilikuja nimevaa tai. Kampuni ilikuwa hapa hapa Kariakoo ilipo leo, duka la dawa za jumla chini, ofisi juu, na ghala kule Gerezani. Nilikabidhiwa kwa Mzee Kitwana, fundi simu, mtu mfupi mwenye miwani ambayo mkono wake mmoja ulikuwa kipande cha waya wa simu. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba huku anaitazama tai.

"Hiyo itakunyonga ukiwa darini," akasema. "Ivue, tutafungia nyaya."

Nilidhani anatania. Tulifungia nyaya, na zilikaa nayo pale juu mpaka jengo lilipokarabatiwa.

Mzee Kitwana hakuwa na cheti hata kimoja, lakini alikuwa na masharti. Kila waya uwe na jina ncha zote mbili. Majina tuliandika kwenye plasta za vidonda, zile ambazo gundi yake ilishapita muda wa kuuzwa, na kwenye waya ziling'ang'ania kama kupe. Usiazimishe koleo lako. Na ukikata waya usioujua, kaa hapo hapo dakika tano, sikiliza nani anapiga kelele. Nilimwuliza je, asipopiga kelele mtu? Akasema, "Basi ama haukuwa na kazi, ama mwenyewe amekwenda chooni. Ngoja tena dakika tano." Alistaafu wakati kompyuta zinaanza kujaa ofisini, akaniachia koleo la kubania vichwa vya waya na dharau yake kwa kila kitu chenye kioo.

Programu ya kuchati ilituingia kama mgeni wa siku mbili. Kabla yake, mtu wa mauzo akitaka kumwuliza mwenzake jambo alinyanyuka, akatembea hatua nane, akauliza. Baada yake, watu waliokaa meza moja walianza kuandikiana "mambo?" na "poa" huku wakitazamana. Sikuona ubaya. Maneno ni mepesi, hayalemei mtandao. Ubaya ulianza walipogundua kile kialama cha kibanio cha karatasi pembeni, cha kuambatisha faili.

Kwanza zilipita nyimbo. Zikafuata picha za kipaimara, video za sendoff, na wimbo mmoja wa kumsema jirani ambao nilikuta nakala zake kumi na saba kwenye seva moja. Oda kutoka mikoani zikawa zinachukua nusu saa kufunguka. Nikiuliza, kila mtu alikuwa anapokea "mambo ya kikazi".

Halafu asubuhi moja, wakati wa chai, ikaingia faili kwenye chati yenye jina "Orodha ya Watakaopunguzwa". Hakuna mtu katika jengo lile aliyefika mwisho wa chapati yake. Ghorofa nzima iliifungua. Ndani hapakuwa na orodha, palikuwa na kirusi, nacho kikaanza kujituma chenyewe kwa kila jina lililokuwemo kwenye chati. Bwana Temba, meneja utawala, ndiye ambaye angeandika orodha hiyo kama ingekuwepo, na alijua vizuri kwamba hajaiandika. Aliifungua mara mbili.

"Bwana Temba, wewe ulikuwa unatafuta nini?" nikamwuliza.

"Nilitaka kuhakikisha jina langu limeandikwa sawasawa," akasema, na mpaka leo sijui kama alikuwa anatania.

Nilisafisha kompyuta moja baada ya nyingine kwa siku tatu. Siku hizo oda ziliandikwa kwa kalamu, na mizigo ilitoka mapema kuliko kawaida. Jambo hilo sikulitaja mbele ya bosi.

Bosi wetu, Bwana Nassor, alirithi kampuni kwa baba yake, na kwa babu yake alirithi imani kwamba mlango ukiwa na tatizo unafungwa. Akaniita.

"Idi, zuia faili kwenye chati."

"Zote, bosi?"

"Zote. Hii kampuni ya dawa, siyo kibanda cha kuchomea CD."

Nikaanza vita. Niliufunga mlango ambao programu ilikuwa inapitishia faili, nayo ikatafuta mwingine, kama panya. Nikazuia faili za video kwa majina yake ya mwisho, watu wakajifunza kubadilisha majina. Siku moja nilikuta faili ya maandishi iitwayo "bei za dawa" ina uzito wa harusi nzima, na nilipoifungua bwana harusi alikuwa anaingia ukumbini na bendi. Watu ambao miaka yote walishindwa kuniwekea karatasi kwenye printa, kwa jambo hili waligeuka wahandisi.

Ushindi ulikuja miaka michache iliyopita, kampuni iliponunua programu yake yenyewe ya kuchati, inayofanya kazi ndani ya mtandao wetu tu, kwenye kompyuta na kwenye simu. Humo niliweka kanuni moja ambayo niliionea fahari sana. Ukituma ujumbe wenye faili, maneno yanapita, faili inabaki njiani na kufutwa. Mwanzoni mtumaji alikuwa anapata taarifa: "Faili yako imezuiwa." Taarifa hiyo ilinitesa. Kila ilipotokea, mtu alinipigia simu kuuliza kwa nini. Kwa wiki mbili sikunywa chai ya moto. Wiki ya tatu nikaizima taarifa. Mtumaji akawa anaona faili yake imekwenda, mpokeaji haoni kitu, na mimi simu yangu ikanyamaza. Niliona nimefanya kazi nzuri ya kiutu uzima.

Kumbukeni hapo. Sikuambiwa na mtu niizime. Niliizima kwa ajili ya chai.

Sasa ngojeni niwaambie habari za msamaha. Amri ya bosi ilidumu bila tundu kwa siku moja na nusu. Siku ya pili mchana akanipigia mwenyewe.

"Idi, kuna katalogi natumiwa na mauzo, haifiki."

"Umezuia faili, bosi."

"Nimezuia za watu. Mimi ni mkurugenzi."

Nikamfungulia. Bwana Temba akasikia, akasema anapokea nyaraka nyeti za wafanyakazi. Nikamfungulia. Mkuu wa mauzo akasema hawezi kufanya kazi chini ya kiwango cha utawala. Katibu muhtasi wa bosi akasema yeye ndiye anayezifungua faili za bosi. Ikabidi tutengeneze fomu ya maombi ya msamaha, yenye saini tatu: mwombaji, mkuu wake wa kitengo na meneja utawala. Haikupita muda nikawa na majina ishirini na tatu ya waliosamehewa. Waliobaki chini ya amri ni wale ambao hawakuwa na mtu wa kuwasainia: walinzi, wafagizi, watu wa kaunta na ghala. Yaani tulikuwa tumewazuia watu wasiokuwa na harusi za kutuma.

Ghalani kulikuwa na mfamasia, Devota, dada wa Kilimanjaro, mwenye sauti ya chini na mwandiko ulionyooka kama rula. Kazi yake ilikuwa kupokea mizigo na kuikagua kabla haijaja dukani. Chumba chake cha ukaguzi kilikuwa chini kabisa ya jengo la ghala, pasipofika simu ya mtandao wowote wa kawaida. Kilichofika ni mtandao wetu wa ofisi, niliouvuta mwenyewe, na kwa hiyo chati yetu. Aliomba msamaha wa kutuma picha. Fomu ikaja bila saini ya mkuu wa kitengo. Nikairudisha. Akaileta tena na barua fupi: mkuu wa kitengo chake amehama, nafasi iko wazi, hakuna wa kusaini. Nikairudisha tena, nikiandika kwa kalamu nyekundu, "Tafadhali zingatia utaratibu." Mkononi nina wino mwekundu mpaka leo, ingawa hauonekani.

Akaleta ya tatu. Safari hii sikuirudisha. Niliiweka kwenye trei, niifikirie. Ikakaa siku kumi na tisa.

Siku ya kumi na tisa, asubuhi, Devota alifungua boksi la dawa ya maji ya homa ya watoto, toleo jipya, ili achukue chupa ya mfano. Kila chupa huja na kikombe kidogo cha plastiki cha kupimia. Yeye alikuwa na tabia ya kuvipima hivyo vikombe, tabia ambayo wenzake waliiita ushamba. Akajaza maji mpaka alama ya mililita tano, akayavuta kwa bomba la sindano. Yakawa kumi. Akachukua kikombe kingine. Kumi. Kiwanda kilikuwa kimekosea alama kwenye toleo zima. Mzazi ambaye angefuata maelekezo ya kwenye chupa angempa mtoto dozi mara mbili, na angeendelea hivyo kutwa mara nne.

Maboksi manane ya toleo hilo yalikuwa yameshapelekwa kaunta ya dukani alfajiri kabla ya zamu yake, kwa haraka za mtu wa mauzo. Devota akapiga picha: kikombe, bomba la sindano, na namba ya toleo ubavuni mwa boksi. Akamtumia Zuhura, msimamizi wa kaunta, na chini ya picha akaandika: "Huu usitoke kabisa. Weka pembeni, nakuja." Simu yake ikaonyesha imekwenda. Akaiweka mfukoni, akaendelea kutenga yaliyobaki ghalani, kwani lori lilikuwa linashusha, na katika kelele zile hakusikia simu tena.

Kwa Zuhura yalifika maneno matupu. "Huu usitoke kabisa." Mbele yake siku hiyo kulikuwa na aina arobaini za mizigo na wateja waliobanana mpaka barazani. Akaandika, "Upi dada?" Hakujibiwa. Akaandika tena. Halafu wateja wakaanza kupaza sauti, naye akaendelea kuuza.

Saa saba mchana Devota aliingia dukani kwa miguu kutoka Gerezani. Mimi nilikuwa hapo kaunta nabadilisha waya wa printa, kwa hiyo haya nimeyaona, sikusimuliwa.

"Zuhura, ule mzigo umeuweka wapi?"

"Upi?"

"Niliokutumia picha."

"Hukunitumia picha. Umenitumia 'huu usitoke'. Nikakuuliza upi."

Devota akatoa simu, akamwonyesha. Picha ilikuwepo, na alama ya kwamba imekwenda. Zuhura akatoa yake, hakuna kitu. Wakaziweka simu mbili pamoja juu ya kaunta, wakazitazama. Kisha wote wawili, taratibu, wakanigeukia mimi.

Nilijua papo hapo. Nikaiacha bisibisi juu ya printa.

"Yametoka mangapi?" Devota akauliza.

Zuhura akahesabu rafuni. "Yamebaki matatu. Matano yametoka."

Zuhura akabaki akipiga simu kwa wanunuzi. Mimi na Devota tukatoka. Nina goti bovu tangu nianguke darini, lakini siku ile goti lilinyamaza, nadhani kwa aibu. Maboksi mawili tuliyapata mtaa wa pili tu, kwa mfanyabiashara ambaye hata hajayafungua. La tatu lilikuwa Mtaa wa Narung'ombe, na mwenyewe akagoma.

"Mzigo nimenunua, ni wangu. Mkitaka kumuuzia mwenzangu kwa bei nyingine semeni tu."

Devota hakubishana. Akaomba chupa ya maji ya kunywa, akajaza kikombe mpaka alama, akavuta kwa bomba, akamwekea mbele ya macho. "Mjukuu wako ana umri gani, baba?" Mzee akalitazama lile bomba, akalichukua boksi mwenyewe, akalibeba mpaka mlangoni kwetu. La nne tulilifukuzia mkokotenini, Mtaa wa Kongo, katikati ya ndoo na mitumba, mimi nikipiga kelele "Simamisha! Simamisha!" na watu wakinipisha wakidhani nafukuza mwizi. Hawakukosea sana, ila mwizi ndiye alikuwa anakimbia mbele yao na kitambulisho shingoni.

La tano lilikuwa Ilala. Tukapanda bodaboda, mimi na Devota mishikaki pikipiki moja, hali ambayo msimwambie mke wangu. Duka la dawa lilikuwa dogo, na muuzaji alikuwa binti mstaarabu aliyetuelewa kwa haraka. Boksi alikuwa amelifungua. Alikwishauza chupa moja.

"Kwa nani?"

"Mama Rahma. Nyumba ile ya geti la kijani. Saa tano hivi asubuhi."

Ilikuwa saa tisa kasoro. Kutoka dukani hadi getini ni hatua mia, na sijawahi kutembea njia ndefu kama ile. Devota alikuwa mbele. Nilimwona anasogeza midomo, nikajua anasali, nami nikaanza kusoma dua ninayoijua.

Mama Rahma alikuwa uani anafua. Pembeni yake, juu ya kipande cha kanga, alikaa mtoto wa kama mwaka na nusu, pua inachuruzika, amechangamka, anachota maji kwenye beseni na kuyamwaga kwenye mguu wake. Alikuwa anayachota kwa kile kikombe.

"Hodi mama. Samahani sana. Tunatoka kwenye kampuni ya dawa," Devota akasema. "Umempa mtoto dawa ya homa leo?"

"Nimempa. Kwani vipi?" Mama akakausha mikono kwa kanga, sura imebadilika. "Ina nini?"

"Umempimia kwa kikombe hicho?"

Akatutazama kama watu waliopotea. "Kikombe? Hicho nimempa achezee. Mimi natumia kijiko cha dawa nilichopewa na nesi kliniki tangu kaka yake. Hivyo vikombe vya plastiki mimi siviamini, alama zenyewe mpaka uvae miwani."

Devota akakaa chini. Palikuwa na ndoo imefunikwa, akakaa juu yake, akaficha uso kwenye viganja. Mabega yakawa yanatikisika na sikujua analia au anacheka. Mama Rahma naye hakujua, akaenda kumletea maji ya kunywa. Mimi nilisimama pale getini, mtaalamu wa mifumo mwenye vyeti vitano ukutani, nikimwangalia mtoto aliyeokolewa na kijiko.

Tulimweleza mama yote, tukabadilisha chupa, Devota akamkagua mtoto na kumwandikia namba yake. Wakati wa kurudi hatukupanda tena mishikaki. Tulitembea kidogo kutafuta Bajaji, na njiani nikaona siwezi kunyamaza.

"Devota, mwanangu, ile fomu yako ya tatu..."

"Najua, mzee. Niliiona juzi nilipoleta ripoti. Ulikuwa umeweka kikombe cha chai juu yake."

Angenitukana ningepumua.

Kesho yake asubuhi bosi akaitisha kikao. Bwana Temba alikuwa amekuja na maelezo yaliyochapwa tayari. Kwa mujibu wake, mfamasia wa ghala alitumia "njia isiyoidhinishwa" kutuma picha, na akashindwa kufuatilia. Alipendekeza asimamishwe kupisha uchunguzi. Devota alikaa mwisho wa meza, mikono mapajani. Bosi akanigeukia.

"Idi, mfumo ulikuwa mbovu siku hiyo?"

Hapo, vijana, mlango ulikuwa wazi. Ningesema mtandao ulisumbua. Wote mle ndani wangeamini, maana husumbua kweli, na ningebaki na miaka yangu michache ya mwisho kwa amani. Nilikuwa nimelala nalo neno hilo usiku mzima.

"Haukuwa mbovu, bosi. Ulifanya kazi sawasawa kama nilivyoutengeneza. Ulimfutia picha, ukamdanganya kwamba imekwenda. Taarifa ya kuzuiwa niliizima mimi, kwa sababu simu zilinisumbua. Na huyu aliomba ruhusa mara tatu. Fomu hii hapa."

Nikaiweka mezani. Duara la chai lilikuwa katikati yake, zuri kama muhuri wa serikali.

Bwana Temba akakohoa. "Haina saini ya mkuu wa kitengo."

"Ndiyo. Nafasi hiyo mmeiacha wazi tangu masika. Angesainiwa na nani, na popo wa ghalani?" Sauti yangu ilishapanda na sikuweza kuirudisha. "Nimekuja pia na rekodi ya waliosamehewa, majina ishirini na tatu, na walichotuma mwezi uliopita. Naanza juu. Ofisi ya mkurugenzi: video ya singo ya bi harusi, sehemu ya kwanza. Video ya singo, sehemu ya pili. Meneja utawala: 'Mapishi ya Pilau ya Mbuzi'. Nyimbo tisa. 'Mbwa Anayecheza Muziki'..."

"Inatosha, Idi," bosi akasema.

"Bado sijafika mauzo, bosi."

"Nimesema inatosha."

Bwana Nassor ana mapungufu mengi na baadhi nimeshayataja, lakini ana wajukuu. Akaivuta ile fomu, akaisoma mpaka mwisho, akageuza nyuma kana kwamba kuna zaidi. Kisha akamwuliza Devota, "Hicho kikombe unacho?" Devota akakitoa kwenye mkoba, na bomba, na maji, akapima mbele yao wote. Maji yakapanda kwenye bomba mpaka kumi.

Maelezo ya Bwana Temba hayakujadiliwa tena. Taarifa ikapelekwa kwa wahusika wote wa dawa na kwa kiwanda, toleo zima likarudishwa. Msamaha wa kufuata cheo ukafutwa siku ile ile. Anayehitaji kutuma faili kwa kazi yake anatuma, asiyehitaji hatumi, na faili ikizuiwa mwenyewe anaambiwa hapo hapo, hata kama simu za kitengo zitalia mpaka ziyeyuke. Bosi alisaini kwanza kujifungia yeye mwenyewe, kwa uso wa mtu anayemeza kwinini. Mimi nikapewa barua ya onyo, aya tatu, makosa mawili ya herufi. Nilistahili barua. Herufi sikustahili.

Siku iliyofuata sikwenda ofisini kwangu. Nilikwenda Gerezani. Kwa miaka yote niliyokuwa nimeilinda chati ya ghala, sikuwahi kushuka kwenye chumba cha ukaguzi baada ya siku niliyovuta waya. Kulikuwa na joto la tanuri, taa moja, meza moja, na wapakuzi wakipita na maboksi migongoni wakipiga kelele "Njia! Njia!" Devota alishangaa kuniona.

"Shikamoo mzee. Kuna tatizo?"

"Marahaba. Hakuna. Nimekuja kuona kazi inavyofanyika."

Hakuniuliza zaidi, wala hakunikaribisha sana. Nikatafuta pa kukaa, nikapata boksi pembeni. Nilikaa pale asubuhi nzima nikimwangalia anafungua, anapima, anaandika, anafunga. Kama saa tano hivi akakuta boksi la vidonge lililolowa pembeni. Akapiga picha, akaandika maneno mawili, akatuma. Akainua uso kutazama simu, na mimi nikasimama kuitazama pamoja naye. Zilikuwa kama sekunde nne. Katika maisha yangu yote ya kazi nilikuwa nimesimama upande wa anayezuia. Sikujua kwamba upande huu moyo hupiga hivi.

Simu ikatetemeka. Zuhura alikuwa ameandika: "Nimeiona. Nalitoa kwenye hesabu ya leo."

Nikashusha pumzi, nikarudi kukaa, machozi yananilenga, nikitafuta neno la maana la kumwambia yule binti, la kumwomba radhi kama mtu mzima anavyopaswa kuomba.

"Mzee," Devota akasema bila kunitazama, "naomba sogea hapo. Umekalia dripu za watu."